Jua Likizama Nyuma ya Mau

Saa kumi na moja na nusu ikifika, shangazi yangu hujifunga leso kiunoni na kuelekea langoni. Anakwenda Molo kukamua. Ng'ombe hao waliuzwa miaka mingi iliyopita kulipa karo, na mmoja wa watoto waliosomeshwa kwa maziwa yao ndiye anayelipia sasa makao haya, lakini kumwambia hivyo ni kumfilisi upya kila jioni. Bawabu, kijana wa Kuresoi ambaye hajasomea uuguzi wowote, aligundua mwenyewe jibu linalofaa: ng'ombe wameshakamuliwa leo na maziwa yamepelekwa. Siku nyingine jibu hilo hutosha. Siku nyingine shangazi husimama palepale, mkono kwenye chuma cha lango, akitazama jua likizama nyuma ya Mau, na uso wake huanza kubadilika kama wa mtu aliyepata habari ambayo sisi bado haijatufikia.

Makao yenyewe yako viungani mwa Nakuru, upande wa kwenda Njoro. Sitayataja jina, kwa sababu makosa nitakayoyasimulia yanaweza kutokea popote, na mengine tuliyafanya sisi jamaa kwanza, nyumbani. Nasema makao ya wazee makusudi. Mjini kwetu ukiona bango la nasingi homu usidhani ni mahali pa wakongwe; hizo ni hospitali ndogo za kujifungulia, na huenda wewe unayesoma ulizaliwa humo. Nyumba za kuwatunzia wazee ni chache, nyingi za makanisa au watu binafsi, na kumpeleka mzazi huko bado ni jambo linalosemwa kwa sauti ya chini baada ya ibada.

Usiku wa huku haupigi hodi. Nakuru haifiki hata digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua likishagusa ukingo wa Mau, dakika ishirini baadaye giza limetanda. Kwako na kwangu, hizo ni dakika za kuanua nguo na kufungia kuku. Kwa mwenye demenshia, maradhi ambayo wengi wetu tunayaita tu ugonjwa wa kusahau, ni dakika ambazo chumba kizima kinabadilishwa mbele ya macho yake. Koti lililotundikwa mlangoni linakuwa mtu. Dirisha lililokuwa linaonyesha bustani linageuka kioo, na ndani yake amesimama bibi kizee asiyemjua, anayemkazia macho. Mwili umechoka, njaa inauma, na wafanyakazi wa mchana, wale aliozoea sauti zao, wanaondoka mmoja mmoja na mikoba yao. Nani asingetaka kwenda kwao? Madaktari wana majina ya kitaalamu ya hali hii. Mimi naiita fadhaa ya magharibi, na nadhani mtu yeyote aliyewahi kuishi na mgonjwa wa namna hii ataielewa bila kueleza.

Hilo jina la ugonjwa wa kusahau lina kasoro yake. Linatufanya tudhani shida kubwa ni kwamba nyanya amesahau jina la mjukuu. Familia nyingi huweza kuishi na kusahau, wanalicheka, wanalizoea. Kinachowashinda ni usiku. Mtu anayelala mchana kutwa na kutembea usiku kucha, anayefungua mlango saa nane, anayewasha jiko saa tisa, humaliza nguvu za binti anayemtunza kabla ya kumaliza zake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa tangu maradhi haya yalipoanza kuandikwa vitabuni: Auguste Deter, mwanamke wa Frankfurt aliyelazwa mwaka 1901 na ambaye kwake daktari Alois Alzheimer aligundua ugonjwa uliokuja kuitwa kwa jina lake, alifikishwa hospitalini si kwa kusahau tu bali pia kwa sababu mumewe hakuweza tena kuishi na fadhaa zake, za usiku zikiwemo. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demenshia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kenya ilihesabu watu milioni 2.7 waliofikisha miaka 60 au zaidi katika sensa ya 2019. Wangapi kati yao huamka saa nane za usiku kwenda kukamua, sensa haikuuliza.

Sasa nije kwenye makosa niliyoahidi kuyasimulia, nianze na la tochi.

Wiki ya tatu baada ya shangazi kuhamia pale, tulipigiwa simu asubuhi. Usiku alikuwa amepiga mayowe, akamkwaruza mhudumu usoni, kisha akaingia chini ya kitanda na kukataa kutoka hadi kulipopambazuka. Pendekezo lilikuwa apewe kitu cha kumtuliza. Nilikwenda, nikauliza ilikuwaje, nikaelezwa bila kufichwa, kwa kuwa kwa mhudumu halikuwa jambo la ajabu: kila baada ya saa mbili hupita kukagua kama wazee wamelowa. Alifungua mlango, akammulika shangazi usoni kwa tochi, akalivuta blanketi.

Shangazi alikuwa msichana mdogo ilipotangazwa hali ya hatari, Oktoba 1952. Familia yetu ilikuwa ya vibarua katika shamba la mzungu, na mwaka uliofuata ilipakiwa garini pamoja na Wakikuyu wengine wengi wa Bonde la Ufa, ikarudishwa Mkoa wa Kati ambako watoto hawakumjua mtu. Huko misako ilikuja usiku, na ilianza kwa mwanga usoni. Alirudi, akaolewa, akapata shamba Molo, akapanda pareto. Mwaka 1992 nyumba yake ilichomwa. Aliijenga tena. Januari 2008 alilala katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru pamoja na maelfu ya waliofurushwa, katika miezi ile miwili ya ghasia za baada ya uchaguzi iliyowaua Wakenya zaidi ya 1,100. Mwanamke huyu amevamiwa usiku mara tatu katika maisha yake, na sasa maradhi yanamfutia kila kitu kuanzia mwisho kurudi mwanzo, yaani yanamwondolea miaka ya amani na kumwachia tochi.

Sioni jambo lolote la kitabibu ambalo lingemsaidia yule mhudumu kuliko kulijua hilo. Na katika kaunti hii shangazi si wa pekee. Ukiingia katika nyumba yoyote ya wazee kati ya Gilgil na Mau Summit, utakuta waliochomewa na pengine utakuta waliochoma, cucu, nyanya wa Kikuyu, kitanda hiki na kogo, nyanya wa Kikalenjin, kitanda kile, wamelala ukuta mmoja. Mbwa wakibweka kwa pamoja, mlango ukigongwa kwa nguvu, moto wa takataka ukinuka karibu na dirisha, si kila anayeshtuka amechanganyikiwa. Wengine wanakumbuka sawasawa. Fomu ya kumpokea mzee huuliza shinikizo la damu, kisukari, mzio wa chakula na nambari ya simu ya jamaa. Ningeongeza swali moja: usiku gani mbaya zaidi aliwahi kuupitia, na uliingia kwa sauti gani?

Kiswahili, kwa bahati mbaya au kwa hekima yake, kina neno mwanga mara mbili. Kuna mwanga wa taa, wingi wake mianga. Na kuna mwanga mtu, wingi wake wanga, yule anayetoka usiku uchi kuwaroga majirani. Mzee anayetangatanga gizani bila nguo ya kutosha, asiyejua kueleza ametoka wapi, huwekwa haraka katika ngeli ile ya pili. Oktoba 2021, kule Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne waliuawa na kuchomwa kwa kudaiwa kuwa wachawi, mmoja wao akiwa amepita miaka 80. Kilifi wapo wazee waliokimbia boma zao kwa tuhuma za aina hiyo na kupewa hifadhi Kaya Godoma, Ganze. Kwa hiyo lango lililofungwa la makao ya wazee lina kazi mbili. Linamzuia shangazi asitoke, na linawazuia wengine wasimwone akiwa katika hali ambayo ingewapa neno la kumwita. Silipendi lango hilo, lakini sijui ningeliondoa vipi.

Tuzungumze basi juu ya mwanga wa ngeli ya kwanza, kwa kuwa huo unanunulika dukani.

Mfugaji wa kuku wa mayai pale Bahati hahitaji kuelezwa na profesa kwamba mwanga unatawala mwili. Anajua kuku wake wakitaka kutaga vizuri lazima wapate mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, na kwa sababu jua letu hutoa 12 tu, hujazia kwa balbu. Kule Naivasha, wakulima wa maua huwasha taa usiku juu ya mimea ya haiperikamu ili mmea udhani siku bado ni ndefu, nao mmea hudanganyika na kuchanua kwa tarehe ya soko la Ulaya. Bonde zima hili linaishi kwa kuchezea saa ya viumbe hai. Kisha tunamweka nyanya katika ukumbi wenye pazia zito na televisheni mchana kutwa, tunamlaza chini ya taa nyeupe ya ulinzi inayowaka hadi asubuhi, na tunashangaa kwamba hajui kama ni usiku au mchana.

Saa hiyo ndani ya mwili ni kijishada cha seli zipatazo 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni, hasa ule wenye rangi ya samawati kama wa anga ya asubuhi. Alzheimer huishambulia hata saa hiyo. Tena uzee wenyewe huitia ukungu njia ya mwanga: lenzi ya jicho hugeuka manjano, mboni hupungua, hata retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja ya mwanga unaomfikia kijana wa miaka 20. Kwa hiyo ukumbi ambao kwako una mwanga wa kutosha kusoma gazeti, kwa mzee wa miaka 85 mwenye mtoto wa jicho ni jioni ya kudumu. Saa yake haipati habari. Anasinzia mchana kwa sababu hajaambiwa ni mchana.

Waholanzi walilijaribu hili kwa makini. Katika makao 12 yenye wakazi 189, wengi wao wakiwa na demenshia, waliweka taa kali za darini katika baadhi ya kumbi, kiasi cha luksi 1,000, zikiwaka tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na wakawafuatilia wazee kwa muda uliofika hadi miaka mitatu na nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliopata mwanga walizidiwa na ugonjwa polepole kidogo kuliko wenzao, na dalili za huzuni zikapungua kwa karibu asilimia 19. Melatonini, ile homoni ya usingizi inayouzwa kwa vidonge, iliwasaidia kupata usingizi haraka, lakini ilipotolewa bila mwanga iliwafanya wanune na kujitenga. Si muujiza. Nimesoma tafiti nyingi zenye ahadi kubwa kuliko hiyo na nikaziamini kidogo kuliko hiyo.

Kinachonichekesha, na kunikasirisha pia, ni zile luksi 1,000. Waholanzi walizinunua kwa nyaya, mafundi na bili ya umeme. Hapa Nakuru, chini ya kivuli cha mti saa nne asubuhi, unapata takriban luksi 10,000, na juani zinafika 100,000, bila bili. Kazi yote ni kuhamisha viti. Tulipopendekeza wazee wakae varandani asubuhi badala ya ukumbini, jibu la kwanza lilikuwa kwamba kuna baridi, na ni kweli, Julai ya Nakuru si mchezo. Jibu la pili lilikuwa kwamba varandani hakuna televisheni. Hilo la pili ndilo lililochukua muda mrefu. Mwishowe mtu mmoja jikoni alileta trei la maharagwe ya kuchambua, na wale akina mama watatu waliokuwa wakisinzia hadi saa saba mchana wakawa wanagombania mahali pa kukaa.

Upande wa usiku ni mgumu zaidi, na tuligundua sehemu ya jibu kwa bahati tu. Nje ya ukuta wa makao kuna mulika mwizi, moja ya zile nguzo ndefu zenye taa kali ambazo kila mwanasiasa wa mtaa hupenda kuzizindua. Sina ugomvi nazo. Akina mama wa mboga wamefunga vibanda kwa amani kwa sababu yake. Lakini mwanga wake mweupe uliingia moja kwa moja katika madirisha ya upande wa mashariki. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa Nairobi ukiwemo. (Sisi tunaoishi juu ya mvuke wa Olkaria na Menengai tulikaa gizani kama wengine, ardhi inachemka chini ya kitanda na balbu haiwaki.) Asubuhi yake mhudumu alisema jambo lililomshangaza mwenyewe: vyumba vya mashariki vililala. Usiku mmoja haufanyi utafiti. Ulitosha kununua pazia jeusi lenye bitana.

Giza totoro nalo lina hatari yake, kwa sababu mzee huamka kwenda haja. Hapo ndipo nyonga huvunjika, na nyonga iliyovunjika katika umri huo mara nyingi huwa mwanzo wa safari ya mwisho. Kinachotakiwa ni mwanga mdogo, wa chini, wa rangi ya kaharabu, unaofuata sakafu kutoka kitandani hadi mlango wa choo, usiofika usoni. Rangi hiyo ya moto wa kuni haiisumbui saa ya mwili kama nyeupe inavyoisumbua. Taa ndogo ya sola ya kubandika ukutani inatosha, haikatiki stima ikikatika, na bei yake haifiki posho ya mwezi mmoja ya Inua Jamii, yaani shilingi 2,000 anazopewa mzee aliyefikisha miaka 70. Na choo chenyewe kionekane. Choo cheupe, ukuta mweupe, sakafu nyeupe: kwa jicho la mwenye demenshia hapo hakuna choo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, wenye kituo kinachoshughulikia masuala haya tangu 1989, wamekuwa wakihubiri kiti cha choo chenye rangi inayokolea dhidi ya ukuta. Wanahubiri pia kuondoa mkeka mweusi mlangoni, kwa sababu mgonjwa huuona kama shimo. Nilipolisoma hili nilikumbuka jinsi shangazi alivyokuwa akiruka kizingiti cha bafu letu, mwanamke wa miaka 79, akikusanya sketi kama anayevuka mto. Tulimcheka. Mkeka ulikuwa mweusi.

Kioo cha juu ya sinki tulikifunika kitambaa. Yule bibi kizee mgeni hajarudi.

Kelele ni jambo jingine. Mwaka 1999, mtafiti John Schnelle na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya katika makao kadhaa ya wazee huko California, ambako waligundua kwamba wanaowaamsha wazee usiku ni wafanyakazi wenyewe kwa sehemu kubwa: sauti za korido, taa zinazowashwa, nepi zinazobadilishwa kwa ratiba badala ya haja. Waliwafundisha kunyamaza, kuzima taa, na kumhudumia mtu pale wanapomkuta macho, isipokuwa ambaye ngozi yake ingeumia kwa kungoja. Kelele zilipungua. Usingizi uliongezeka kidogo tu. Napenda utafiti unaokiri hivyo. Maana yake ni kwamba utulivu wa usiku peke yake hauwezi kufidia mchana uliolala.

Hesabu zao, hata hivyo, hazikuwa na mabati. Mabati yaliyochomwa na jua mchana kutwa huanza kupoa saa moja usiku, na yanapojikunja hulia: tak, tak, kama mtu anayetembea juu ya paa kwa tahadhari. Mvua ya Aprili juu yake huzima hata mazungumzo. Kuna trela zinazopunguza mwendo kwenye barabara kuu, kuna kesha la Ijumaa yenye spika zinazoelekezwa kwa majirani badala ya mbinguni, na ukiwa karibu na miti mikubwa ya upande wa msitu kuna perere, yule mnyama mdogo kama sungura ambaye kilio chake usiku humfanya hata mgeni mzima aulize ni nani anayenyongwa. Kelele hizi haziondoki kwa mafunzo. Dari ya mbao laini chini ya mabati husaidia sana, na ni ghali. Kuongea na mchungaji kuhusu spika ni bure, na kulichukua ujasiri mkubwa kuliko kununua dari.

Kisha kuna baridi na njaa, mambo ambayo makala za kigeni hazigusi kwa kuwa nyumba zao zina kipasha joto. Usiku wa Nakuru hushuka hadi nyuzi kumi hivi, na Molo au Elburgon chini ya hapo. Mzee mwenye miguu baridi halali. Soksi na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa humtuliza kuliko vidonge. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani hata kwa dakika kumi, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu na anayesinzia haamki. Na chakula cha jioni hutolewa saa kumi na moja ili mpishi awahi matatu, kisha chai ya asubuhi ni saa mbili. Hesabu: saa kumi na tano. Wewe ungelala? Kikombe cha uji saa tatu usiku kimewatuliza watu ambao tulikuwa tunajadili kuwaongezea dawa. Chai ya rangi yenye majani mengi, tunayoipenda sote, ikome saa tisa alasiri.

Dawa. Katika boma zetu dawa ya usingizi ya wazee ni Piriton, ile ya mafua, kwa sababu inauzwa bila maswali na inasinzisha. Inasinzisha kwa kweli, lakini ni ya kundi linaloivuruga zaidi akili iliyokwisha vurugika. Mgonjwa huamka amechanganyikiwa kuliko alivyolala, na pengine hawezi kukojoa. Diazepamu humlegeza akaanguka njiani kwenda chooni. Zile kali za wagonjwa wa akili, haloperidoli na ndugu zake, Marekani ilizitolea onyo mwaka 2005 na 2008 kwamba huongeza vifo kwa wazee wenye demenshia. Zina mahali pake, pale mtu anapokuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine na daktari amemwona. Mahali pake si pale ambapo pazia halijanunuliwa. Kabla ya hapo kuna maumivu ya magoti ambayo mgonjwa hawezi kuyataja, kuna choo kigumu, kuna mkojo unaochoma. Shangazi, ilibainika baadaye, alikuwa na jino bovu.

Sitaki kumwachia lawama yule mhudumu aliyekwaruzwa uso. Usiku ule alikuwa peke yake na wazee 22. Alikuwa amefanya zamu ya mchana pia, kwa kuwa mwenzake alifiwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa yake na kwa serikali; haisemi ni nani atakayekaa macho. Siku hizi mhudumu na bawabu wamegawana kazi ya usiku. Tochi imefunikwa kitambaa chekundu na inaelekezwa sakafuni. Kabla ya kuingia husema jina lake na jina la mzee, taratibu, kwa lugha ya mama ya mzee akiijua. Amejifunza kiasi cha kusalimia kwa Kikuyu na Kikalenjin, na anasema hayo ndiyo mafunzo aliyopata. Akimkuta mtu macho saa tisa, hamrudishi kitandani kwa nguvu. Humpeleka jikoni. Kuna usiku nimeambiwa walikuwa wanne pale mezani, wamekunja na kukunjua taulo zilezile hadi saa kumi na moja.

Shangazi bado huenda langoni. Bado kuna usiku mbaya. Mwezi uliopita alimtafuta marehemu mumewe vyumba vyote na kuwaamsha watu wote. Nisingependa msomaji afikiri tumeuponya ugonjwa huu kwa pazia na uji.

Nilikuwa pale Jumapili jioni. Mapazia yalivutwa saa kumi na mbili kasoro, kabla dirisha halijageuka kioo, na taa za ukumbi zikawashwa mapema. Alikuwa ametulia akiwa na leso yake mapajani, hadi mabati yalipoanza kupoa. Tak. Akainua kichwa. Tak, tak. Akasema mvua hiyo, na pareto iko nje. Mhudumu hakumweleza habari za mabati. Alimshika mkono, wakatoka varandani, lilipokuwa trei la maharagwe ya asubuhi, wakalinyanyua huku na huku, shangazi akiongoza kwa sababu yeye ndiye anayejua njia, na wakaliingiza ndani kabla halijalowa.